Kiti cha Nyuma ya Drams

Mimi ni mtu wa kushuku, na siombi radhi kwa hilo. Nilikulia Piyaya nikichunga mbuzi, na mchungaji anayeamini kwamba kila kichaka ni kichaka tu hurudi nyumbani na mbuzi pungufu. Tabia hiyo nilikuja nayo Karatu, nikaketi nayo nyuma ya drams za bendi yetu, na kwa miaka kumi na moja ilinifaa.

Kwetu Umaasaini hatuna ngoma. Tunaimba kwa vifua, na miguu inajua yenyewe pa kutua. Mama alipoambiwa kazi yangu aliuliza, "Hao watu wamekosa pumzi, mpaka wapigiwe ngozi?" Nilicheka, lakini kiti kile nilikipenda kuliko ng'ombe, na kwa Mmaasai hayo si maneno madogo. Wenzangu watatu wote ni Wairaqw: mpiga besi, mpiga kinanda, na mwimbaji wetu, dada kutoka Buger mwenye kucheka hata pasipo na la kuchekesha. Tulipiga nyimbo za vijana kwenye loji za watalii na kwenye harusi, na jina letu lilikuwa limepanda.

Mwaka jana nikaanza kuona mambo. Mpiga besi, ambaye siku zote alisimama pembeni, alihamia mbele yangu, karibu kabisa, akawa anakanyaga sakafu kama mtu anayeua nge. Mwimbaji naye, badala ya kuwatazama wageni, akawa ananigeukia mimi kabla ya kila wimbo na kuinua mabega. Wananipima hawa, nikasema moyoni. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba waliacha Kiswahili. Nikiwakaribia, nawakuta wanaongea chini chini, Kiiraqw kitupu, lugha ambayo miaka yote hiyo nimejifunza kusalimia tu. Penye wengi wanaonong'ona, mmoja anauzwa. Na yule mmoja nilimjua.

Siku moja walipotoka kwenda kunywa chai, niliwasha kinanda. Najua si adabu kugusa chombo cha mwenzako. Ndani yake nilikuta midundo ya drams ya nyimbo zetu zote, imehifadhiwa mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake. Ilinibidi nipandishe sauti karibu yote ndipo niusikie hata mmoja. Na spika zenyewe mbovu, nikasonya. Damu ilinichemka. Mashine haili, haiugui, haiombi ruhusa kwenda Piyaya ukame ukibana. Kumbe ndiyo watakayoiketisha kwenye kiti changu.

Tangu siku hiyo, kila mazoezi yakiisha nililifungua lile kanyagio la ngoma kubwa nikaondoka nalo kwenye begi. Upumbavu mtupu, maana mashine haina mguu. Lakini nililala vizuri zaidi likiwa chini ya kitanda changu.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye stoo iliyo nyuma ya gereji, kandokando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Jumamosi moja asubuhi niliingia nikawakuta watatu wao mlangoni, midomo inacheza, sauti hakuna. Nikabwaga begi chini.

"Semeni Kiswahili!" nilifoka. "Kama mnanitoa, nitoeni nikiwa naelewa. Mimi si ng'ombe wa mnada, mnanizunguka tu!"

Mwimbaji, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakucheka. Alinisogelea mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, akasema kitu, nisikipate. Akarudia kwa kupaza sauti.

"Yero, tunasema Kiswahili. Tangu mwanzo tunasema Kiswahili."

Nikageuka kutazama nje, nikwepe macho yake. Hatua tano kutoka mlangoni, fundi alikuwa ananyoosha bodi la gari la watalii. Nyundo aliiinua hadi juu ya kichwa, akaishusha kwa nguvu zake zote, nami nikasikia kama anagonga godoro. Nilikuwa nimempita mtu huyo sasa hivi na kudhani leo anafanya kazi taratibu.

Mpiga kinanda alinieleza, kwa sauti kubwa, akitazama chini. Ile midundo anaiwasha kwa siri pale ninapopotea katikati ya wimbo, wageni wasigundue. Mwaka mzima walikuwa wananifichia, mguu wa mpiga besi ukinipa mdundo, mabega ya mwimbaji yakinionyesha pa kuanzia, na walichoshindwa ni kuniambia mwenyewe. Nilitaka kukasirika, hasira ikagoma. Niliogopa, niseme kweli. Niliogopa kuliko siku niliyokutana na fisi nikiwa mtoto.

Nililitoa kanyagio kwenye begi nikalifunga mahali pake. Nikaketi. Mwimbaji alinigeukia, akainua mabega.

"Subiri kwanza," nikamwambia, kisha nikamwita mpiga besi kwa mkono. "Kaka, sogea karibu zaidi."