Niliungama Mawazo, Nikanyamazia Visu

Nimekosa. Naanza hivyo ili usinihurumie kabla hujasikia nilichofanya. Kuna mwanamke hapa Kigali ambaye hapati kazi kwa sababu yangu, na muda wote huo mimi nilikuwa naenda kuungama kila Jumamosi, kitambaa kichwani, rozari mkononi!

Jina langu silitaji. Mwenzangu nitamwita Konso, ingawa silo jina lake.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Ngara, Tanzania. Ndiyo maana hata leo, misa ikisomwa kwa Kinyarwanda, moyoni nasali kwa Kiswahili. Naishi Kagugu na mume wangu, nafanya kazi ofisini Kacyiru, na tuna mtoto mmoja wa kike, Ineza. Tulimngoja muda mrefu hadi watu wakaacha kutuuliza.

Konso alikuwa yaya wetu. Ni Mrundi wa Bujumbura, mtu mzima kuliko mimi. Nilimchukua kwa sababu ya Kiswahili tu, nikasema angalau nyumbani nitakuwa na mtu wa kupiga naye soga. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunifundisha kumbeba mtoto mgongoni bila kuogopa kwamba atadondoka. Ineza akilia, alikuwa ananyamaza akisikia tu sauti yake.

Sasa sikiliza.

Mchana mmoja wa kawaida Ineza alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni, mimi nakata papai. Ghafla likaja neno kichwani, waziwazi: mchome.

Mwanangu mwenyewe! Niliyemlilia!

Nilitupa kisu kwenye sinki. Nikajiambia ni uchovu. Kesho yake wazo likarudi, safari hii na picha. Nikilifukuza, linakuja kwa nguvu zaidi. Nikisali, linaningoja nimalize. Likaanza kunijia hata kanisani, padri anapoinua hostia, tena likichanganyika na matusi kwa Mungu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kule Ngara, katekista wetu alitufundisha kupiga kifua na kusema "nimekosa mno kwa mawazo", na alitaka tumaanishe. "Mungu anaona hadi wazo," alikuwa akisema, huku akitutazama mmoja mmoja. Mimi nikaelewa kwamba kuwaza kuua na kuua ni jambo lilelile. Basi nikajiona muuaji. Muuaji anayenyonyesha!

Nikaacha kukomunika, yaani kupokea hostia. Jumamosi naungama, napewa ondoleo, natoka mwepesi. Jumapili kabla hata sijavaa viatu wazo limesharudi, na mimi nabaki kwenye benchi wenzangu wakienda mbele. Mume wangu akaanza kunitazama kwa jicho la kuuliza. Unajua watu wanavyomfikiria mke asiyepokea: ana mwanamume nje.

Ndipo nikaamua kuviondoa visu. Nilivifunga vyote kwenye kitenge, hadi kile kidogo cha kumenyea viazi, nikavipeleka chumbani kwa Konso kule uani, nikavisukuma nyuma ya gunia la makaa. Kwa nini huko? Kwa sababu ndicho chumba pekee ambacho mimi na Ineza hatukuwa na sababu ya kuingia. Sikumtakia Konso mabaya hata kidogo, nakuapia! Nilitaka tu visu viwe mbali na mkono wangu.

Tukaanza kula vichekesho. Viazi na maganda yake, dodo, huo mchicha wa huku, wa kuchanwa kwa vidole, nyanya za kupondwa na mwiko. Mume wangu, ambaye haingii jikoni ila akiwa na njaa, akauliza kama nimefunga kwa ajili ya nadhiri fulani. Konso alipika bila kuuliza kitu. Hilo lilipaswa kunishtua.

Halafu akaja mama mkwe kumwona mjukuu.

Mama mkwe ni mwanamke wa vitendo. Siku ya kwanza akataka kisu akate kabeji, hakukiona. Akatafuta kabatini, akatafuta chini ya sinki, akaingia uani akidhani Konso ameviacha pa kuoshea vyombo. Tukasikia yowe. Alitoka chumbani kwa Konso na kitenge mkononi, visu vinagongana ndani yake.

"Yewe Mana!" alipiga kelele, akimwita Mungu. "Huyu alikuwa anatungoja tulale!"

Majirani wakaja. Kagugu ukipiga yowe hufiki neno la pili kabla geti halijajaa. Mume wangu alikuwa nyumbani siku hiyo, akamuuliza Konso kwa upole kwanza: "Sha, mwenzetu, sema ukweli. Visu vinafanya nini kwako?"

Konso alisema, "Mie siyo niliweka visu pale." Kisha akanitazama.

Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, apite kwanza. Na mimi nilikuwa na Ineza mikononi, na kichwani nina jambo moja tu: nikisema, wataniuliza kwa nini, na nikiwaambia kwa nini, watamchukua mtoto.

Nikainamisha macho. Nikajifanya namfunga Ineza shali.

Ee Mungu wangu! Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Mama mkwe alifoka, mume wangu akauliza tena, jirani mmoja akatia chumvi yake kwamba Warundi anawajua. Mara zote hizo Konso alingoja. Mwishowe akaingia kufunga mizigo yake. Alipofika getini, jirani yetu mmoja, nitamwita Mama Kevin, akampiga picha kwa simu na kuitupa kwenye kundi la akina mama wa mtaa: "Jihadharini na yaya huyu. Alificha visu aue familia."

Ineza alilia hadi sauti ikakauka. Mama mkwe akasema mtoto amehisi ushetani umetoka.

Na mimi? Jumamosi ile nilikwenda kuungama kama kawaida. Nikaungama mawazo yote, hata yale yaliyopita kwa sekunde moja. Konso hakuwemo! Sikumficha, elewa. Hakunijia kabisa akilini kama dhambi. Nilikuwa na shughuli nyingi na yale niliyoyawaza, sikuwa na nafasi ya kutazama nililolifanya.

Nilipomaliza likizo ya uzazi nikarudi Kacyiru. Mwenzangu mmoja ofisini akanifuata na simu yake: "Umeona huyu mwanamke? Wanasema ni huko kwenu." Alikuwa Konso, na begi lake, kwenye geti langu. Nikatikisa kichwa nikasema, "Dunia imeharibika." Nikaenda kunywa chai. Chai ikapita kooni vizuri tu!

Jumamosi iliyofuata padri wa siku zote hakuwepo. Alikuwepo padri mzee aliyewahi kufanya kazi Kongo, na Kiswahili chake cha huko huko. Nikamwaga mawazo yangu, nikieleza hadi nilivyoficha visu ili nisimguse mtoto. Akanikatiza.

"Mwanangu, hii mawazo, wewe unaitaka?"

"Hapana padri! Nayachukia."

"Ikikuja, unafurahi?"

"Nalia."

"Basi unaungama nini? Bwana Yesu naye, shetani alimuambia maneno mubaya kule jangwani. Yaliingia katika masikio yake. Alitenda dhambi?"

"Hapana."

"Kishawishi ni kishawishi tu. Dhambi ni pale moyo unasema ndiyo, unajua na unataka. Na hii yako, mie naona ni ugonjwa. Sala uendelee nayo, lakini uende kwa daktari pia."

Nililia kwa furaha palepale! Miezi yote ile nimejihukumu bure! Nilikuwa naanza kufuta machozi nikapige ishara ya msalaba niende zangu, akauliza jambo dogo tu, kama mtu anayemalizia mazungumzo.

"Na vile visu ulificha, viko wapi sasa?"

Nikajikuta namwambia kila kitu: gunia la makaa, kitenge, geti, picha, chai ya ofisini.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo ulisema ndiyo."

Nikaanza kujitetea kwamba sikusema neno lolote baya juu ya Konso. Akaniambia nirudie polepole sala ya kukiri dhambi, ile ninayoisali kila misa. Nikaanza: kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na kwa kutotimiza wajibu. Tangu utotoni nilikuwa napiga kifua kwenye mawazo, nikifika kwenye wajibu nimeshachoka, napita mbio.

Wazo halikuniomba ruhusa hata siku moja. Kunyamaza kuliniomba ruhusa, nikaitoa, macho yangu yakiwa wazi.

"Jina ya mutu ukiiba, unarudisha," padri akasema. "Usikuje kuniambia mie tu."

Nilimpata Konso Remera, amejibanza kwa rafiki yake nyuma ya maduka, anafulia watu nguo. Alikuwa na povu hadi viwikoni. Aliponiona, neno lake la kwanza likawa: "Mama Ineza! Mutoto iko?"

Nilipiga magoti kwenye yale maji ya sabuni.

"Inuka, watu wanaangalia," akasema. Nikamwambia visu niliweka mimi. Akaendelea kusugua shati la watu.

"Mie najua. Nilikuona. Nilikuwa naanika nguo, nikakuona unaingia kwangu na kitenge, unalia. Nikasema, huyu anaogopa mikono yake mwenyewe."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kama mama wa mutoto anaficha visu? Wangekunyang'anya mutoto." Akakamua shati. "Nikakungoja wewe, useme mwenyewe."

Akalitundika shati kambani.

"Nilishakusamehe," akasema. "Lakini musamaha hainipe kazi. Kila nyumba nafika, wanatoa simu, wanaangalia picha, wanaangalia mie. Sasa uende useme nao."

Nilisema. Nilianza nyumbani, mbele ya mume wangu na mama mkwe. Mume wangu alishika kichwa. Mama mkwe alisimama, akamchukua Ineza kutoka mapajani pangu, akatoka naye uani. Lile nililoliogopa likanipata. Daktari tuliyekwenda kumwona alituambia mawazo ya aina ile huwapata akina mama wengi baada ya kujifungua, na kwamba mama anayeyaogopa hivyo siye wa kuogopwa. Mume wangu ameelewa. Mama yake anasema ameelewa, lakini nikishika kisu anambeba mtoto anakwenda naye barabarani kuangalia magari. Naumia, ila sina cha kumlaumu.

Kisha nikaandika kwenye kundi la akina mama. Niliandika nikafuta, nikaandika tena, nikatuma: visu niliweka mimi, nilikuwa mgonjwa, Konso hana kosa. Halafu Mama Kevin, mwenye kundi lake, akanitoa!

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Wengine walinikaribisha wakanishika mkono, mmoja akaniambia kwa kunong'ona kwamba naye aliwahi kuogopa dirisha la ghorofani. Wengine walinisikiliza wakiwa wamesimama getini, wamewasukuma watoto wao nyuma. Nilimwomba Konso arudi kwangu. Alikataa kwa heshima, akasema mlango ule hataupita tena.

Wewe unayesoma hapa, unayetetemeka kwa sababu ya uchafu uliopita kichwani mwako bila kualikwa, pumua! Usiache kukomunika kwa sababu hiyo. Mwambie padri, mwambie daktari, mwambie mwenzako mmoja anayekupenda. Usikae nalo peke yako ukijiita muuaji, kwa sababu mtu anayejiogopa hivyo anaweza kumkanyaga mwenzake na asihisi kitu chini ya mguu. Mimi nilimkanyaga mtu aliyekuwa akinilinda.

Mawazo bado hunijia, siku moja moja. Yakija nayaacha yapite, naendelea kukata nyanya. Mawazo si tatizo langu tena.

Tatizo langu ni hili. Juzi simu yangu ililia, ujumbe kutoka kwa mwanamke wa Rwamagana ambaye tulikutana harusini mara moja tu. Ananitakia mema, anajua nina mtoto mdogo. Amenitumia picha: mwanamke mwenye begi, amesimama kwenye geti langu. Chini imeandikwa, "Mpendwa, jihadhari na huyu."

Nimemjibu. Lakini ameipata kwa nani, na yeye ameituma kwa wangapi, sijui na sitajua. Ndiyo maana nimekuandikia wewe nisiyekujua. Picha hiyo ikikufikia, tafadhali usiitume kwa mwingine. Mwambie aliyekutumia kwamba umeongea na mwenye visu.