Barua ya Benki Juu ya Mizani

Ukitaka watu wa Kariakoo waache kukuamini, tafuta benki ikuandikie barua kwamba unaaminika. Siyo la kusimuliwa hili. Limenikuta mwenyewe, na barua ninayo mpaka leo.

Nina duka la nafaka upande ule Kariakoo inakopakana na Mchafukoge. Nauza maharage, mchele, choroko kidogo, lakini mahindi ndiyo yanayonilisha. Mahindi hayo miaka yote nimeletewa na mama mmoja wa Songea, mtu wa kwetu, anayekusanya kwa wakulima na kuyaleta Dar kwa Fuso. Biashara yetu ni mali kauli: anashusha mzigo, anakunywa chai, anaondoka, mimi nauza, kisha namtumia pesa yake kwa simu. Karatasi hakuna. Kumdai karatasi mtu wa mali kauli ni sawa na kumwambia mgeni wako afungue pochi uikague kabla hajatoka.

Sasa ikatokea wenzetu wawili watatu wa mtaa wa pili wakachukua mizigo ya watu wa mikoani, wakayeyuka. Simu hazipatikani, maduka yana makufuli. Wakubwa wa chama chetu cha wauza nafaka wakakutana, wakala biriani, wakatoka na wazo: kila anayepokea mzigo kwa mali kauli alete barua ya dhamana ya benki. Mwenye duka akitoroka, benki itamlipa mwenye mahindi. Wazo zuri tu, sikatai. Wenzangu wakaitikia "sawa, sawa" na kurudi kuuza mchele. Mimi, kwa kiherehere nilichozaliwa nacho, nikataka niwe wa kwanza.

Benki nilipokewa na dada mmoja mwenye kucha ndefu na sauti ya asali. Akasema lazima waone mali yangu. Wakaja na mthamini mpaka Ilala ninakokaa, wakapiga picha nyumba mbele, nyuma, mpaka choo. Wakatoka hapo wakaja dukani, wakapiga picha magunia, wakapiga picha mizani, na mimi nikaambiwa nisimame katikati. Nikasimama, mtaa mzima unanitazama kama mwizi wa kuku.

Mjini hapa watu wa benki wakiipiga picha nyumba yako, maana yake ni moja: mnada. Niliporudi nyumbani jioni, shoga yangu wa nyumba ya pili alikuwa ameshanipikia wali wa pole. Nikamwapia kwamba sina mkopo popote, hata wa shilingi mia. Akanishika mkono.

"Najua, shoga yangu. Usiseme mengi. Kula kwanza."

Baada ya picha zote hizo, dada wa benki akaniita na kuniambia nyumba haifai. Hati sina, nina leseni ya makazi tu. Ila ipo njia nyingine: niweke pesa taslimu, wao waizuie, barua itoke.

"Kiasi gani?"

"Kiasi kilekile cha dhamana, mama. Na ada kidogo."

"Subiri kwanza. Yaani ili mseme nina pesa, niwape nyinyi pesa, mimi nibaki sina pesa?"

Akacheka kwa adabu. "Ndiyo utaratibu, mama."

Mtu mwenye akili zake angeaga. Mimi nikatoa. Mtaji wangu wote ukaenda kulala kwenye kiyoyozi, nami nikarudi kwenye joto la Kariakoo na karatasi yenye muhuri. Kununua mzigo kwa taslimu sikuwa nao uwezo tena. Nilibakiwa na mama wa Songea peke yake. Asiposhusha, duka linakauka, na mimi pamoja nalo.

Na bado nikaona fahari, jamani! Barua nikaipeleka kwa fundi vioo Ilala akaitia kwenye fremu ya picha. Nikaondoa kalenda juu ya mizani, nikaitundika pale. Ng'ambo ya barabara kuna mzee wa Kihindi anayeuza magunia na kamba. Kazaliwa mtaa huohuo, na Kiswahili chake cha Kariakoo kinanishinda mimi. Alikuwa mlangoni kwake, shazia mkononi, anashona gunia huku ananitazama.

"Imeinama kushoto, dada," akapaza sauti.

Nikainyoosha.

"Sasa umezidisha."

Nikashuka kwenye kigoda, nikarudi nyuma kuitazama, nikapanda tena. Nilihangaika nayo mpaka akaniambia basi, imekaa.

Fuso la mahindi likaingia asubuhi wiki ileile. Makuli wakasogea, kila mmoja na kitambaa chake begani. Kwa kawaida mama wa Songea huanza kuwafokea kabla hata mguu haujagusa chini: shusheni, mnangoja posa? Siku hiyo akashuka polepole, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakucheka. "Nimesikia wamekupiga picha."

Loh! Fuso linasafiri usiku kucha kutoka Songea, na umbea wa Ilala ulikuwa umeshafika huko na kugeuza. Nikamwambia kwamba zile picha zilikuwa kwa ajili yake yeye, asije akadhulumiwa. Nikamvuta ndani, nikamwonyesha ukutani. Akavaa miwani, akasoma kwa kunong'ona, mstari kwa mstari.

"Sasa hapa inasema nini?"

"Inasema mimi nikikimbia, benki itakulipa."

Akavua miwani. "Kumbe umeshafikiria kukimbia."

"Mama jamani!"

"Miaka yote hii hujawahi kunitajia habari ya kukimbia. Leo umeiandika, ukaipiga muhuri, ukaitia na kioo."

Makuli wakaangua kicheko. Hasira zilinipanda, halafu hofu ikazipita hasira. Nikaona njia ni moja: nimpigie dada wa benki, nimweke kwenye spika, aseme mwenyewe kwa ile sauti yake.

"Dada, niko na mama mwenye mahindi. Hebu mwambie kwamba mnanidhamini."

"Samahani, mama. Taarifa za mteja hatuzithibitishi kwa simu."

"Mteja si ni mimi!"

"Naelewa, mama. Lakini kwa simu siwezi kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe."

"We! Juzi umenipiga picha mpaka choo changu, leo hunijui?"

"Samahani sana kwa usumbufu, mama. Fika tawini na kitambulisho."

Akakata. Mama wa Songea hata hakunicheka, na hiyo iliniuma kuliko kama angenicheka. Aliitazama ile barua kwa huruma, akatoka nje.

"Washa gari," akamwambia dereva. "Tunaenda sokoni Tandale."

Injini ikaunguruma. Nilitaka kulia, na niseme ukweli, machozi yalikuwa yameshafika. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana Kariakoo nzima, nilisimama mlangoni tu. Ningemwambia nini? Kwamba naaminika? Hilo lilikuwa limeandikwa ukutani, na ndilo lililomfukuza.

Yule mzee wa magunia akavuka barabara na ndala zake, uzi wa katani umening'inia begani. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la Fuso.

"Habari za Songea, mama?"

"Njema."

"Huyu akikimbia, njoo pale kwangu. Nitakulipa mimi."

"Wewe ni nani yake?"

"Jirani."

Akageuka, akarudi kushona gunia lake. Wala hakungoja kuona kama ameaminiwa. Mama wa Songea akalitazama lile duka la mzee, magunia yamepangwa mpaka darini, mlango wa zamani uliokwisha rangi. Akamtazama dereva.

"Zima."

Makuli wakapanda. Mimi nikachukua bambo, nikawa nachoma magunia kutazama punje kama kawaida. Mama wa Songea alipopita karibu yangu akaniambia hilo dude nilitoe ukutani kabla halijayatilia mkosi mahindi yake. Nikalitoa palepale.

Kwenye chai akaniuliza, kwa upole kabisa, kama zile pesa zilizolala benki zingetosha kuulipia mzigo huu taslimu. Nikamwambia zingetosha. Akaomba sukari.

Alipoondoka nikavuka kwa mzee. Nikaanza na utani, ndiyo dawa yangu.

"Benki imenitoza ada. Wewe unanitoza nini?"

"Kwanza mnada ni lini?" akauliza.

"Hakuna mnada, mzee wangu! Hata wewe?"

"Nakutania. Nilikuona unavyoinyoosha ile barua. Mtu anayetaka kukimbia hahangaiki na kitu kilichoinama ukutani." Akauma uzi, akaukata. "Ada yangu ni hiyo fremu. Mungu wangu wa mali, ile picha yake pale dukani, kavunjikiwa kioo tangu msimu wa mvua, kakaa kwenye kadibodi tu."

Nikampa. Kesho yake nilipofungua duka, yule mungu wake, mama wa mikono minne, alikuwa anang'aa ng'ambo, maua shingoni, udi unafuka, ndani ya mbao nilizolipia mimi. Barua nimeitia kwenye droo. Dhamana ilipoisha muda, pesa zangu zikatoka kwenye kiyoyozi zikiwa zimepungua ada, na barua nyingine sijaomba. Wakubwa wa chama wameshaanza kujadili wazo jipya. Biriani, nasikia, ilikuwa tamu.

Tangu hapo mama wa Songea, mlokole asiyekosa mkesha, akishuka kwenye Fuso hutazama ng'ambo kwanza. Akimwona yule mungu kwenye kioo chake na mzee chini yake na shazia, ndipo anawafokea makuli.

Mwezi uliopita alikuta mlango wa mzee umefungwa. Nikamwambia mzee amelazwa, presha imempanda. Mama wa Songea akasimama katikati ya barabara, bajaji zinampigia honi, anautazama mlango ule. Niliona Tandale hiyo inakuja. Mkono wangu, sijui uliagizwa na nani, ukaenda kufungua droo yenye ile barua iliyokwisha muda.

"Unatafuta nini humo?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, mama."

"Basi funga." Akawapungia makuli washushe, wala hakugeuka kuhesabu. "Amelazwa hospitali gani? Chukua kanga yako, twende tukamwone."