Shamba la Mjane wa Litapunga

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka huwa nakaa wima kwenye kiti. Nilikuwa askari magereza, msichana wa Kisukuma niliyekulia Magamba nikichunga ng'ombe wa baba. Akaja daktari kutoka nje kupima wafungwa, ajue nani ana roho isiyojuta wala kumhurumia mtu. Maswali yake yalitungwa huko kwao, na majibu yangesomwa na wakubwa wanaoamua nani aachiwe mapema. Mimi nikawekwa kutafsiri.

Akaletwa Masanja, mfugaji, mtu wa makamo. Ng'ombe wake waliingia shamba la mtu Litapunga, akagombana na mkulima mwenye shamba, akampiga fimbo moja, mkulima akafa.

"Unajuta?" daktari akauliza.

"Hayo yalishaisha," Masanja akajibu kwa Kisukuma, macho chini.

Nikatafsiri vilevile, bila kuongeza chumvi. Daktari akaandika kwamba hajuti, tena anakwepa macho. Roho ikaniuma. Kwetu kumkazia mgeni macho ni ufedhuli.

"Daktari, nimekupa maneno yake," nikasema. "Maana yake bado."

Hakuwa mtu wa majivuno. Akaweka kalamu chini. "Kwenu mtu akijuta anafanyaje, afande?"

Nikamweleza kwamba ukoo hupeleka ng'ombe wa njigu, wale wa kuwafuta machozi wafiwa, na wakishapokelewa, aliyeua haongei tena habari ile, maana ni kuwatonesha kidonda. "Muulize nani anamlimia mjane wa yule mkulima."

Daktari akauliza, nikatafsiri, Masanja akajibu: "Mdogo wangu. Nilimwambia mvua ikianza, maksai waanzie kwa yule mama, ndipo waje kwetu."

Daktari hakuridhika na maneno matupu, na hapo nilimpenda. Tukaenda Litapunga. Mjane alikuwa anapukuchua mahindi, wala hakumpamba mtu.

"Sijamsamehe," alisema. "Lakini kila msimu wanaanzia kwangu. Mwaka ule mvua ilipokatika mapema, mimi nilivuna, wao wakakosa."

Daktari alirudi akaandika upya, na swali lake la kujuta tukalitunga pamoja, mimi na yeye. Masanja aliachiwa. Najivunia mpaka leo, na wajukuu zangu hapa Nsemulwa wamechoka kunisikia.

Sasa nyie mnasomea akili za watu, mwanangu. Pimeni, sikatazi. Wenye roho ngumu wapo, nimewalinda mwenyewe, na baadhi yao walilia vizuri sana mbele ya daktari. Ila kabla hujamhukumu mtu, uliza kwao kujuta kunaonekanaje, kisha nenda ukaone kwa macho yako. Na lugha ya mama yako usiionee haya mbele ya msomi yeyote.

Mungu akupe sikio la kusikia na ujasiri wa kusema. Na siku ukimkosea mtu, akupe ndugu wa kuanzia shamba lake kabla ya lako.