Bei ya Kuiona Karata ya Tano

Stepla ya dukani niliivunja mwenyewe, na sababu ilikuwa kumi mbili.

Nina steshenari ndogo hapa Ifakara, si mbali na stendi: fotokopi, kuprinti, picha za paspoti, bahasha. Mchana, jua likishapamba moto na watu wakajificha majumbani, huwa sina hata mteja mmoja wa kubishana naye. Hapo ndipo ninapofungua simu na kucheza poka kwenye meza za chini kabisa, zile za senti za dola, na watu ambao sijui wanaishi nchi gani. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Kisha zinafunuliwa karata tano mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila zinapofunuliwa watu wanaweka dau, na asiyetaka kulipa dau la mwenzake anatupa karata zake. Fedha zote zinarundikwa katikati, kwenye kitu ninachokiita kapu, na mwenye karata bora mwishoni ndiye anayelibeba.

Siku hiyo nilipewa kumi mbili, yaani jozi ya karata za kumi. Mezani zikafunuliwa tisa, tano na mbili, zote ndogo kuliko zangu, ila mbili kati yake zilikuwa za kopa, zile zenye alama ya moyo. Maana yake, kwa wakati ule mimi nilikuwa mbele, lakini yeyote mwenye kopa mbili mkononi alikuwa anasubiri kopa moja tu zitimie tano anipite, maana karata tano za alama moja zinashinda jozi. Karata za namna hiyo ndizo zinazonitesa. Zimeshakuwa nzuri, lakini hazina ulinzi. Mwenye karata mbovu anazitupa na kuendelea na maisha yake, mwenye karata zisizoshindika anatulia. Mwenye kumi mbili inabidi aamue papo hapo awatoze wenzake kiasi gani ili waione karata inayofuata.

Mimi nikawatoza kiduchu. Niliweka kama robo ya kapu, nikijiambia kwamba nisiwakimbize. Wakafuata watatu. Ya nne ikapita salama, nikatoza kiduchu tena, na wote watatu wakalipa. Karata ya tano ikaja kopa, na mmoja wao akafunua ree na nne za kopa, akalibeba kapu lote. Nikapiga kaunta kwa kiganja, stepla ikaruka, ikaangukia sakafuni na kupasuka vipande viwili.

Nisingekasirika kiasi hicho kama ningekuwa sijui. Nilikuwa najua. Hesabu yake nilishaielewa zamani: anayesubiri kopa, karata moja ikifunuliwa, anaipata takriban mara moja kati ya tano. Nikiweka robo ya kapu, yeye analipa moja ili apate tano, na hiyo ni biashara nzuri, hata mimi ningeifanya. Nikiweka kapu zima, analipa moja ili apate mbili, na hiyo ni hasara kwake hata kama leo atashinda. Nilijua yote hayo, na ningeweza kumfundisha mtu. Kidole ndicho kilichokuwa kinakataa. Kikifika kwenye dau la maana kinanywea, kinarudi chini.

Mume wangu anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ni Msukuma, wazazi wake waliingia bonde hili la Ifakara na ng'ombe yeye akiwa bado anatambaa, na si mtu wa maneno mengi. Aliponipitia jioni hiyo aliokota vipande vya stepla akaviweka juu ya kaunta kama mtu anayeweka ushahidi. Akasema fedha zenyewe hazimsumbui, maana hazifiki hata za soda anazokunywa kwa mwezi. Kinachomsumbua ni mke anayerudi nyumbani na hasira za watu wasiojulikana, akawamwagia waliopo. Basi tukakubaliana. Naweka kiasi kidogo, mara moja tu. Kikiisha kabla hatujauza mpunga wa msimu huu, naifuta programu kwenye simu na siigusi mpaka mpunga uuzwe mwakani.

Nilikubali, na moyoni niliumia. Duka ni letu, shamba ni letu, watoto ni wetu. Mchezo ule ulikuwa wangu peke yangu, na nilikuwa nataka niuweze. Utajiri sikuutarajia, kwa meza zile ungetajirika ukiwa na mvi za kope. Nilitaka tu kuacha kuwa mwoga.

Na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, kwa sababu hakuna anayenijua ambaye angeniita mwoga. Muulize yeyote mwenye shamba jirani na letu kule Idete. Mpunga ukianza kukomaa kweleakwelea wanashuka, na mimi Jumamosi nafunga duka, nashinda juu ya dungu, kichanja chetu cha miti na paa la nyasi katikati ya shamba. Nina kombeo, nina debe, nina kamba zilizofungwa makopo zinazokwenda pande zote. Sisubiri kundi litue. Wakionekana wachache tu wanazunguka juu wakipima, navuta kamba zote kwa pamoja, napiga debe, napayuka mpaka koo linawasha. Ndege akishatua na kuonja, kumtoa ni kazi, na hapo ameshawaita wenzake. Majirani wanasema nikiwa dunguni wao wanapumzika.

Jumamosi moja mume wangu aliniletea ugali na perege, akapanda dunguni tukala. Ndege walikuwa wametulia, nikafungua simu. Nikapewa nane mbili. Mezani zikaja saba, nne na tatu, mbili zikiwa za shupaza. Nikaweka dau langu la siku zote, kiduchu. Mara kundi likatokea upande wa mtoni. Nikaiweka simu chini, nikanyanyuka, nikawapigia kelele zilizowarudisha walikotoka. Nilipoketi tena nilimkuta anaitazama simu. Akaniuliza wale watu wanasubiri nini. Nikamweleza kwamba wanasubiri shupaza, ikija wananila. Akalitazama lile dau, akatazama debe langu.

"Mbona hawa unawabembeleza?" akauliza.

Nilikasirika, nikamwambia hajui mchezo. Akakiri kwamba hajui, akaendelea kutoa miba ya samaki wake. Shupaza ilikuja, nikaliwa.

Aliposhuka nilibaki na swali lake mchana kutwa, kati ya kundi na kundi. Jibu lilikuja polepole na halikunifurahisha. Ndege simwogopi kwa sababu hawezi kunisusa. Mteja ananisusa. Dukani, kabla mtu hajalalamika bei ya fotokopi, mimi mwenyewe nimeshampunguzia, kwa hofu kwamba atavuka barabara kwenda kwa mwenzangu. Hofu hiyohiyo ndiyo niliyokuwa nimeibeba mpaka mezani. Nilikuwa nawapa watu nafuu ili wasiondoke, wakati pale mtu akiondoka ananiachia kapu, na akibaki basi abaki kwa bei yake kamili. Nikajiapiza palepale, na mikono inanuka perege, kwamba sitampunguzia mtu tena.

Mwanzoni nilikwenda kichwakichwa. Kila nilipokuwa na jozi nzuri nilisukuma fedha zangu zote kwa mara moja, na wote wakakimbia isipokuwa yule mmoja aliyekuwa na karata kubwa kuliko zangu. Ikanibidi nijifunze kipimo. Meza ikiwa kavu, hakuna cha kusubiriwa, dau dogo linatosha. Kopa mbili zikikaa mezani na watu wawili watatu bado wapo, naweka theluthi mbili za kapu au karibu kapu zima, na naliweka upesi kabla kidole hakijaanza kujadiliana nami. Nikagundua pia kwamba watu wa meza za senti hawakimbii kama nilivyodhani. Wanapenda kuona. Wanalipa bei mbaya kwa moyo mkunjufu, na mara nyingi hawapati wanachokisubiri. Fedha zangu zikapanda, zikashuka, zikapanda tena kidogo. Kaunta haikupigwa.

Karata za mwisho zilikuja mpunga ukiwa tayari umeanikwa kwenye maturubai, bado haujauzwa. Wiki ile nilikuwa nimepoteza mfululizo, na kilichobaki kilikuwa kinatosha mchezo mmoja wa maana. Nikapewa tisa mbili. Nikapandisha dau, wawili wakanifuata. Mezani: nane ya kopa, sita ya kopa, tatu ya uru. Nilisita sekunde chache, kwa sababu nilijua nikiweka kiduchu ningeweza kusalia na akiba, nikacheza hata wiki nyingine mbili. Nikaweka karibu kapu zima. Mmoja akatupa karata zake, mmoja akalipa.

Karata ya nne ikaja mbili ya shupaza, isiyomsaidia mtu. Nilikuwa bado mbele, na nilichobaki nacho kilikuwa karibu sawa na kapu. Nikakisukuma chote. Yule mtu akafikiri mpaka muda wake wa kuamua ukakaribia kwisha, kisha akalipa. Akafunua ree na saba, zote za kopa.

Ya tano ikawa nne ya kopa.

Niliumia. Niliiangalia ile nne nikatamani niing'oe kwenye kioo. Lakini mkono haukwenda kwenye kaunta, na nilipojitafuta ndani kuona ningefanya nini tofauti, sikuona kitu. Mteja akaingia anataka nakala za cheti, nikamtajia bei, akaguna, sikupunguza. Akalipa. Alipotoka niliifuta programu.

Jioni mume wangu alipita kunichukua, na vumbi la pumba begani. Jicho lake lilikwenda kwanza kwenye stepla mpya, akaiona nzima mahali pake. Nikamwambia zimeisha zote na programu nimeshaifuta. Akavuta stuli, akaketi, nami nikamsimulia tangu tisa mbili mpaka ile nne. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimlipisha?" akauliza.

"Nilimlipisha mpaka senti ya mwisho niliyokuwa nayo."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kupanga bahasha rafuni, bodaboda zinapita nje. Kisha akaniuliza kama mwakani, mpunga ukishauzwa, nitarudi kucheza. Nikamwambia nitarudi, kwa kiasi kilekile. Akataka kujua kama, baada ya haya ya leo, kuna kitu nitakachobadilisha.

Nilikuwa nimeshashika kufuli.

"Sibadilishi," nikasema. "Akija na kopa zake mbili, bei ni ileile."