Swali Nililomuuliza Mwalimu Naomi

Karibu na ninapoishi hapa Singida mjini kuna mashine ya kukamua alizeti. Msimu wa mavuno ukifika inaunguruma tangu asubuhi, na harufu ya mashudu ya moto inaingia ndani, inashika mapazia, inashika nywele. Majirani hulalamika. Mimi hunyamaza, maana kwangu harufu ile ni asubuhi ya Jumapili, na ni mikono ya mama yangu.

Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mtinko, Mama alinisimamisha uani kila Jumapili akanipaka mafuta ya alizeti kuanzia utosini hadi visiginoni, nikang'aa kama sufuria mpya. Ubaya wake ni kwamba upepo wa kwetu hauna adabu. Tukifika kanisani, vumbi lote la njiani lilikuwa limenishika, nami nimegeuka rangi ya kichuguu. Mama alinitazama, akacheka kidogo, akanifuta uso kwa ncha ya kanga. "Haya, ingia. Mungu anakujua hata ukiwa hivyo."

Alikuwa ameishia darasa la nne, na kusoma kulimtoa jasho, lakini nyimbo zote alizijua kwa moyo. Yeye ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama. Sala alinifundisha akipepeta uwele, neno moja kwa kila mtikiso wa ungo, na nikikosea alirudi mwanzo bila kugomba. Nikiimba kwa kupiga kelele alisema, "Mungu si kiziwi, mwanangu." Yeye mwenyewe akiimba, mbwa wa jirani walibweka.

Baba hakuwa mtu wa kanisani. Alibatizwa ili apewe mke, na baada ya hapo akaona deni lake kwa Mungu limekwisha. Jumapili alikuwa na ng'ombe wake.

Nilikuwa mtoto wa pekee hadi nilipofikisha miaka saba, ndipo akazaliwa Yona. Alikuwa mtoto wa kucheka. Ukimwonyesha kuku anacheka, ukimwonyesha kijiko anacheka. Alipofikisha mwaka na nusu akaanza kuugua homa zisizoisha, na katikati ya homa mwili unakakamaa, macho yanapanda juu. Mama alimpeleka zahanati mara mbili. Walimpa dawa, akapata nafuu, homa ikarudi. Mara ya tatu wakasema apelekwe hospitali mjini. Lori lililokuwa likienda mjini lilipita kijijini kwetu siku za mnada tu, na mnada ulikuwa kesho yake. Baba alikuwa mbali, amehamishia ng'ombe kwenye malisho ya kiangazi.

Siku hiyo hiyo mchana alikuja Bibi, mama yake Baba. Alizungumza Kinyaturu, na akiwa na hasira alikizungumza polepole ili kila neno liingie. Alimtazama Yona, kisha akamwambia Mama kwamba kuna mzee kijiji cha pili anayejua ugonjwa huu, na kila mtu anajua, isipokuwa watu wa kanisa.

"Mama, mimi siwezi kwenda huko," Mama alisema. "Namwombea."

"Huyo Mungu wako ni wa Jumapili," Bibi akamjibu. "Leo ni Jumanne."

Yona akakakamaa tena mikononi mwa Mama, na safari hii alichelewa sana kuzinduka. Alipozinduka, Mama alijifunga kanga ya mgongoni, akambeba, akaniambia nichukue kibuyu cha maji. Tulikwenda sisi watatu. Jua lilikuwa kali, mawe yanachoma nyayo, na njia nzima Mama alikuwa akiomba kwa sauti ya chini. Hilo nalikumbuka vizuri. Alikwenda kwa mganga huku anaomba.

Yule mzee hakuwa mtu wa kutisha. Alitukaribisha kwa heshima, akachemsha mizizi, akamnywesha Yona kidogo, kisha akamfunga kiunoni uzi mweusi wenye kijiti. Mama aligeuza uso pembeni alipokuwa akiufunga. Mzee akamnyooshea ncha za uzi, akasema fundo la mwisho sharti lifungwe na mama mzazi. Mama akalifunga.

Kesho yake asubuhi, kabla lori halijafika, Yona alifariki mapajani mwa Mama, mimi nikiwa nakoka moto wa uji. Mama hakupiga kelele. Alichukua kisu cha jikoni, akakata ule uzi, akautupa motoni, akapuliza mpaka ukashika. Kisha ndipo akalia, na majirani wakaja. Akina mama wa kwaya walimwosha mtoto, wakamwimbia, mwinjilisti akamzika kwa ibada kamili. Kuhusu uzi hakuna aliyejua, ila sisi na Bibi, na Bibi hakuwa mtu wa kupeleka habari kanisani.

Mama hakuniambia nifiche. Nimelifikiria sana hilo. Mama mwingine angenishika mkono na kusema, "Usimwambie mtu." Yeye hakusema.

Wiki ya tano baada ya msiba, Mwalimu Naomi, aliyetufundisha shule ya Jumapili, alifundisha juu ya watu wanaomwacha Mungu na kwenda kwa waganga. Alisema watu hao Mungu huwageuzia mgongo. Alikuwa mwalimu mzuri, mpole, na nilimpenda. Watoto wengine walisinzia. Mimi nilisikiliza kila neno. Somo lilipokwisha nilibaki.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Neema. Mbona hujatoka?"

"Mtoto akifungwa uzi wa mganga halafu akafa, Mungu anampokea?"

Aliniinamia. "Mtoto gani, mwanangu?"

Nikamwambia.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, tuliitwa tubaki, mimi na Mama. Wazee wa kanisa walikuwa wanne, wameketi kwenye benchi la mbele wakitutazama, na Mzee Elia, mkubwa wao, akiwa na daftari gotini. Mwalimu Naomi alisimama dirishani na hakuinua macho. Mama alikuwa bado amevaa kanga ya msiba. Alidhani wanataka kumpa pole.

"Mama Neema," Mzee Elia alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "huyu mtoto amesema mlimpeleka marehemu kwa mganga. Watoto huota mambo, hasa wakiwa na huzuni. Tunakuuliza wewe. Ni kweli, au mtoto ameota?"

Juu ya bati tulisikia kucha za njiwa. Mama alinitazama, mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu vilivyojaa vumbi. Wakati ule ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo, ingawa sikujua ni jambo gani.

"Mtoto amesema kweli," Mama akasema. "Nilikwenda."

Mzee Elia akashusha pumzi, akaandika. Akasema basi Jumapili ijayo Mama asimame mbele ya usharika atubu, na aseme kwamba Mungu amemtwaa mtoto kwa sababu ya kosa hilo, ili wengine waogope.

"La kwenda nitatubu hata sasa hivi," Mama alisema. "Hilo la pili siwezi kulisema, baba. Sikumwona Mungu akifanya hivyo."

"Unabishana na wazee?"

"Sibishani. Nasema sikumwona."

Wakamtenga na Meza ya Bwana. Akaondolewa kwaya, akaambiwa aketi benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka siku atakayokubali kusema maneno yote mawili.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea nyuma yake nikingoja fimbo. Ningeipenda fimbo. Tulipofika penye mawe makubwa aliketi, akanivuta nisimame mbele yake.

"Ulimuuliza nini Mwalimu?"

Nikamwambia swali lenyewe.

"Sikiliza. Ule uzi nilifunga mimi. Yona hakufunga kitu. Yona yuko kwa Mungu." Alingoja mpaka nikaitika. "Na ukiwa na swali kama hilo tena, niulize mimi."

Akasimama, akakung'uta kanga, tukaenda nyumbani.

Nilidhani Jumapili iliyofuata hatutakwenda. Asubuhi aliniita uani kama kawaida, na kichupa chake cha mafuta. Tulitembea, tukafika, akanisukuma polepole mbele kwa watoto wenzangu, yeye akaketi pale mlangoni ambako upepo ulimpiga vumbi ibada nzima. Wengine walipoimba, yeye aliimba kwa sauti ndogo sana, mtu aliyekuwa akisikika hadi ng'ambo ya bonde. Wakati wa chakula cha Bwana alibaki peke yake, safu zote zikisimama na kupita. Kuna wanawake waliogeuka kumtazama. Kuna walioacha kuazima chumvi kwetu.

Wakazaliwa wadogo zangu wawili. Akawafundisha sala kwenye ungo ule ule, na mizaha ile ile. Walipokuwa watundu kanisani, mkono wake haukuwafikia kutoka nyuma, kwa hiyo kuwafinya ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa bidii.

Nilipopata kipaimara alinishonea gauni jeupe kwa mkono. Nikatembea mbele, nikala, nikanywa, na niliporudi mahali pangu nikamtafuta kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua kwa hakika, kama msichana wa miaka kumi na minne anavyojua mambo kwa hakika, kwamba ananichukia kidogo. Nyumbani, tukichambua mlenda, akaniuliza taratibu, "Ilikuwaje?" Aliuliza kama mtu anayeulizia habari za kwao baada ya kukaa ugenini. Nikamjibu kwa ufupi, "Kawaida." Neno hilo limenikaa kooni hadi leo.

Nilipokua nikamwambia tuhamie kanisa jingine, lilikuwapo moja ng'ambo ya bonde lenye ngoma na furaha, ambako hakuna aliyetujua. Akasema, "Yona alibatizwa hapa." Ndiyo yalikuwa maelezo yote. Wachungaji walibadilika. Mmoja alijaribu kumrudisha, lakini wazee walimletea daftari, na daftari lilitaka maneno mawili, na Mama alikuwa nalo moja.

Mimi nilihamia mjini, nikapata kazi, nikaacha kwenda kanisani. Sikugombana na mtu. Niliacha tu, Jumapili moja, halafu nyingine. Mama hakuniuliza. Alichofanya ni kuniomba nimpelekee binti yangu, Zawadi, kila likizo. Nilimpeleka, nikajiambia mtoto anahitaji maziwa na hewa.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya kuugua kifua kwa miezi minne. Mzee Elia alikuwa amekwisha kutangulia, na wenzake watatu pia. Walioandika walikuwa wamekufa, lakini yaliyoandikwa yalikuwapo. Wazee wapya wakasema taratibu haziruhusu mwili kuingia kanisani, wala kengele. Mwinjilisti, kijana mpole, alikuja nyumbani bila joho, akasema sala fupi penye jeneza, akashindwa kutazama uso wa mtu yeyote. Makaburini alisimama nyuma pamoja na wanaume wengine. Hakuruhusiwa kufanya zaidi.

Mwalimu Naomi alikuja na mkongojo wake. Alinishika mkono. "Neema, mimi ndiye niliyepeleka lile neno. Nilidhani namsaidia."

"Najua, Mwalimu," nikasema. "Shikamoo." Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Jeneza liliteremshwa. Watu walitazamana, hapakuwa na wa kuanza. Baba, amezeeka, kofia mkononi, akanigeukia. "Omba wewe. Wewe ndiye uliyefundishwa naye."

Nilikuwa sijaomba miaka kumi na moja. Nikaanza sala ya Bwana kwa sababu ndiyo tu niliyoikumbuka. Maneno yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, hadi pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo nikasimama. Niliwaona wale wazee wapya na suti zao, nikalitazama shimo, na kinywa kikakataa. Sikulia. Kilikataa tu.

Kisha nikasikia sauti pembeni yangu ikiendelea. Zawadi, miaka tisa, ameshika kanga yangu, alilisema neno lile lote bila kusita, kwa mapumziko madogo ya ajabu kati ya neno na neno, kama mtu anayetikisa kitu. Akafika mwisho, akasema amina. Kutoka kwa akina mama waliokuwa wameketi chini amina nyingine ikajibu, moja, kisha nyingi. Udongo ukaanza kuanguka.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kichwani mwangu kama habari ya wazee wakali na mwanamke mkaidi. Mwaka huu nimefikisha miaka arobaini na moja, na juzi, nikijaza fomu ya Zawadi ya shule iliyotaka mwaka aliozaliwa bibi yake, nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Siku ile mbele ya lile benchi, Mama alikuwa na miaka ishirini na tisa. Machoni pangu alikuwa mtu mzima kama mlima. Kumbe alikuwa msichana mwenye kanga ya msiba, mume yuko malishoni, mtoto ana wiki sita kaburini, na wanaume wanne wamemwambia, kwa upole kabisa, kwamba akitaka aseme mtoto ameota.

Wangemwamini. Angerudi kwenye kwaya yake Jumapili iliyofuata. Mimi ningerudi nyumbani nikiwa mtoto mwongo, na pengine ningelisahau.

Alinitazama mara moja tu kabla ya kuwajibu. Nilikuwa nimeinama, sikuona alinitazamaje.