Herufi za Rufaida

Rufaida alipoitwa kwa chifu asubuhi ile, alikuwa akimalizia kuandika jina kwenye tuktuk. Rangi ikamdondokea kiatuni asihisi.

Watamu nzima ilimjua kwa herufi zake. Zilikuwa nene, zenye matumbo, zimeegemeana kama watoto wanaochekeshana. Kibanda cha juisi au saluni aliyoiandika yeye, hukosi kuiona toka mbali. Miaka miwili nyuma Faris, mtoto wa kaka yake, anayefundisha kompyuta kule Gede, alizipiga picha, akazigeuza fonti ya kuandikia kwenye simu na kompyuta, akaiweka mtandaoni bure. “Sasa mtu yeyote ataandika kwa mkono wako, shangazi,” alimwambia. Rufaida akaona fahari, maskini. Hakujiuliza huyo mtu yeyote ni nani.

Mezani kwa chifu palikuwa na karatasi iliyobandikwa usiku mlangoni kwa Mzee Awadh, mwenye mashamba ya minazi. “Awadh, hama shamba ama tutakuchoma na watoto wako.” Maneno ya kuua, kwa herufi zile zile za kuuzia juisi.

“Shikamoo, mzee wangu,” Rufaida alimwamkia Awadh, aliyeketi karibu na dirisha.

Wanawe wawili walisimama mlangoni, na njia ya kutoka ilikuwa hiyo hiyo moja.

“Nimekujua tangu u mtoto, Rufaida,” alisema Awadh. “Hata jina la duka langu umeliandika wewe. Nimekukosea nini, mwanangu?”

Swali hilo lilimtisha kuliko pingu. Akainamia karatasi, angalau asitazamane naye, na hapo ndipo alipoona. Kila a ilikuwa na pengo lile lile tumboni, pale unywele wa brashi ulipong’oka ukanasa rangini katika ile a Faris aliyoipiga picha.

“Mkono wa binadamu haurudii hivi, hii imechapwa kwa ile fonti ya Faris,” alisema. “Bwana chifu, nipe kalamu.”

Akaandika jina la Awadh mara tano. Herufi zilitoka zikicheza kama kawaida yake, ila hapakuwa na a mbili zilizofanana. Mzee alizipitia moja moja kwa kidole, akarudi kwenye karatasi ya vitisho, akazipitia tena.

“Si wewe,” alisema mwishowe. Wanawe wakaacha mlango.

“Basi ni nani?” Awadh aliuliza.

“Yeyote mwenye simu, mzee wangu.”

Awadh aligeukia dirisha. Ng’ambo ya barabara kibanda cha juisi, saluni na bango la hoteli vilimchekea kwa mwandiko ule ule. Akasogeza kiti chake mbali na dirisha.

“Wallahi, Rufaida, heri ungekuwa wewe,” alisema. “Wewe kwako napajua.”