Kobe wa Mkwe Wangu

Mwaka wa kobe wa kwanza ni ule mwaka tuliokula sembe ya pakiti. Mahindi yetu yote yalikwenda Laela, na pale Laela wanunuzi waliyapakia kwenye malori hata hayajakauka vizuri. Halafu sisi wenye mashamba tukarudi dukani kununua unga mweupe kama chokaa, umefungwa kwenye mfuko wenye picha ya mama anacheka. Anamcheka nani sijui. Ulezi ulibaki wa wazee na ndege. Tuliambiwa biashara ni huria, kila mtu auze anachotaka na anunue anachotaka. Haya. Mkwe wangu akanunua mdudu wa kufagia nyumba.

Nieleze kwanza nilifikaje kwenye nyumba yake. Mume wangu alipofariki nilibaki peke yangu kijijini Msanzi, na binti yangu akasema siwezi kukaa kule na magoti haya. Wamejenga Pito, nyumba ya sakafu ya vigae, vyumba vingi. Nikakataa. Kwetu mama mkwe halali chini ya bati la mkwe wake hivi hivi. Mkwe wangu hajawahi kula mbele yangu mdomo wazi. Akinisalimia anasimama koridoni, anatazama ukuta, anasema, "Shikamoo, Mama," nami najibu, "Marahaba, baba," na kila mtu anashika njia yake. Hiyo ndiyo heshima, na sikuwa tayari kuivunja kwa sababu ya vigae.

Binti yangu alilia. Basi nikatoa sharti. Nitakuja, lakini chumba changu kijengewe kizingiti, tena cha tofali zima. Anayevuka kizingiti ajue amevuka. Fundi alicheka, akasema siku hizi nyumba hazina vizingiti, watu wanajikwaa. Nikamwambia wajikwae. Akajenga.

Ndipo akaja huyo kobe, mashine ya chaji inayojiendesha yenyewe sakafuni. Wajukuu ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alikuwa wa duara, mweusi, anatambaa. Nasema ukweli, yule wa kwanza alikuwa mpumbavu kabisa. Anagonga ukuta, anarudi. Anagonga mguu wa meza, anarudi, anaugonga tena ule ule kana kwamba wana ugomvi. Alimeza soksi ya mtoto akasongwa. Alimeza uzi wa pazia akajifunga nao. Akiingia chini ya kabati anakwama, anaanza kulia kimuziki, na nyumba nzima inalala kifudifudi kumtafuta. Vumbi letu mnalijua, jekundu, upepo wa kiangazi unaliingiza hata kwenye sufuria yenye mfuniko. Yeye alilipaka tu huku na huku. Mimi nilimfuata nyuma na ufagio wangu wa majani, nafagia alipopita.

"Mama, muache afanye kazi," binti yangu ananiambia.

"Kazi gani? Huyu ni mlevi anatafuta mlango."

Lakini alikuwa kipofu, na kipofu sina kesi naye. Akifika kwenye kizingiti changu anagonga mara moja, anageuka, anakwenda zake. Tuliishi.

Kobe wa pili alikuja mwaka ambao kila nyumba ilifuga kuku wa kisasa, na hakuna aliyekumbuka tena kuwa kuku ana mifupa. Huyu alikuwa mtu mwingine. Mgongoni alikuwa na kitu kama kifuniko cha chupa, kinazunguka ndani kwa ndani. Hakugonga. Alikwenda mstari mnyoofu, akifika mwisho anageuka na kurudi ubavuni mwa mstari wake, kama ng'ombe wa plau wa wale wafugaji waliohamia kwetu kutoka kaskazini. Chaji ikiisha anakwenda mwenyewe kwenye kibanda chake, anashiba, anarudi kuanzia pale pale alipoachia. Sitasema uongo. Sebule ilikuwa safi. Nilipiga goti nikapitisha kidole chini ya kochi, kidole kikatoka kama kilivyoingia. Nilikasirika siku nzima.

Naye alikuwa anachora. Hilo ndilo lililonistua. Mkwe wangu aliweka simu mezani ili binti yangu anionyeshe, yeye akasogea mbali kidogo, na mle ndani ya simu nikaiona nyumba yetu imechorwa kama mtu ameifunua bati na kuchungulia. Sebule ya kijani, jiko la njano, meza, makochi, kila mguu wa kiti ni kidoa.

"Na hapa?" niliuliza, nikaonyesha pembeni palipokuwa peupe.

Mkwe wangu aliangalia dirishani. "Hapo, Mama, hapajulikani. Hajafika."

Pale ni chumbani kwangu. Kobe alifika kwenye kizingiti, akakiona, akaheshimu. Niliupenda ule weupe kuliko rangi zote za kwenye simu. Nyumba nzima imevuliwa nguo, mimi bado nimejifunga kanga yangu.

Sasa, wa tatu.

Wa tatu alikuja mwaka watu wa ofisini walipoanza kuutafuta ulezi. Daktari kawaambia wana sukari, wale dona, wale ugali mweusi, na binti yangu, aliyekataa ugali wa ulezi tangu ana meno ya utoto, sasa anaukata tonge na kutusifia kama ameuvumbua yeye. Mwaka huo mkwe wangu alileta kobe mwenye jicho mbele. Anafagia, anapiga deki, anarudi kwenye kibanda chake, anajitapisha takataka, anafua matambara yake mwenyewe kwa maji ya moto na kuyakausha. Akikutana na soksi anazunguka. Akikutana na waya anazunguka. Mjukuu wangu wa kike, yupo sekondari, alimwekea ndala, funguo, hata mavi ya paka ya plastiki waliyonunua kwa utani, vyote akavipita pembeni.

"Bibi, huyu ni noma!"

"Noma nenda kaoshe vyombo."

Halafu nikamwona akifika kwenye kizingiti changu. Akasimama. Akainua kifua, magurudumu yakatoka chini yake kama miguu ya panzi, akaweka mguu juu. Nilimsukuma kwa ufagio akarudi chini. Akajaribu tena. Nikafunga mlango.

Jioni binti yangu alikuja kukaa kitandani kwangu. Alianza kwa upole, ndivyo anavyoanza akitaka kitu.

"Mama, unakohoa."

"Nimekohoa tangu hujazaliwa."

"Daktari alisema ni vumbi. Huwezi kuinama kufagia chini ya kitanda. Huyu anaingia dakika chache tu, anatoka. Hutamwona hata."

"Nisimwone, yeye ananiona. Ana jicho."

"Mama, ni mashine!"

"Jicho lake linapeleka wapi anachokiona?"

Alijua. Linapeleka kwenye simu, na simu ni ya mumewe.

Nikamwambia, "Kisicho na aibu hakiingii chumbani kwangu."

Alicheka, akasema sawa Mama, na mimi nikadhani sawa ni sawa.

Jumapili iliyofuata jumuiya ilisali kwetu. Mimi nilikwenda misa ya kwanza. Mlango wangu niliurudishia tu. Sijawahi kuufunga kwa ufunguo, kwa sababu mlango wa mtu mzima unafungwa na heshima ya waliomo ndani ya nyumba. Nilirudi nikakuta wageni wameshajaa, chai inamiminwa. Nikaketi kwenye mkeka na akina mama wenzangu. Mkwe wangu alikuwa upande wa wanaume na kaka yake mkubwa, mzee mwenye heshima zake, anamwonyesha maajabu ya kobe kwenye simu. Kaka mtu kaishika simu mkononi, anaitazama kwa mbali kama anasoma Injili.

Simu ikalia.

"Inauliza kitu," kaka mtu akasema. "Imeleta picha. Inataka kujua hiki ni nini. Ni pazia?"

Mwanamke mmoja wa jumuiya, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akainama kuchungulia.

"Pazia! Mzee, hilo ni gagulo."

Gagulo langu. La bluu, lenye kiraka cha kitambaa cheupe, limeanguka nyuma ya kitanda, na pembeni yake mguu wa kitanda changu, na ndoo yangu ya usiku. Yule kobe alipanda kizingiti, akaingia hadi uvunguni, akakutana na nguo ya ndani ya mwanamke mzima. Kwa sababu amefundishwa vizuri hakuimeza. Aliipiga picha, akampelekea mkwe wangu aulize ni kitu gani.

Wale waliocheka walicheka. Mkwe wangu hakucheka. Alisimama, kikombe kikamwagika, akatoka nje bila viatu na hakurudi mpaka wageni wameondoka. Binti yangu ndiye aliyefungua mlango wangu, eti wageni wasikute harufu ya vumbi.

Yule kijana, nasema kijana ingawa ana mvi, alikula chakula chake uani wiki nzima. Salamu alinitolea akiwa getini. Mwisho akamtuma kaka yake na jogoo, kama inavyotakiwa mkwe akiona kisichoonwa. Nikampokea jogoo. Kwa mkwe wangu moyo wangu ukawa mweupe, kwa maana yeye alijua amekosa nini. Yule mwingine alikuwa kibandani kwake anafua matambara.

Kwa binti yangu nilikuwa nimeshafunga mzigo.

"Narudi Msanzi. Kile kitu kikiingia, mimi natoka."

"Mama, hakijui!"

"Ndicho ninachosema. Hakijui. Kimejifunza soksi, kimejifunza waya, kimejifunza mavi ya paka. Mama mkwe hakijajifunza."

Akasema atachora mstari mwekundu mlangoni kwangu, kobe hatauvuka.

"Mstari uko wapi?"

"Kwenye simu."

"Kwa hiyo mumeo akifungua simu yake anaona kitanda changu kilipo, hata kama kiko nyuma ya mstari mwekundu?"

Binti yangu akaenda kuchukua simu kwa mumewe, akakaa nayo mlangoni kwangu. Nikasimama juu yake mpaka nimeona chumba kimefutika, kitanda, kabati, ndoo, vyote, pakabaki peupe kama zamani. Ndipo nikafungua mzigo. Fundi akaitwa, akaongeza tofali juu ya tofali. Sasa hata mimi naingia chumbani kwangu kwa kushika fremu ya mlango na kutaja watakatifu.

Nafagia mwenyewe. Goti linauma, kifua kinabana, na chini ya kitanda kuna vumbi la kutosha kupandia maharage. Ni langu.

Juzi binti yangu karudi kutoka mjini kachangamka. Kuna mpya. Ana miguu kabisa, anapanda ngazi. Ana mkono, anaokota nguo chini na kuziweka kwenye kapu. Picha unaweza kumzuia asipige. Unaongea naye Kiswahili, anajibu.

"Hata shikamoo anaitikia, Mama."

"Anaitikia? Mkubwa ni yeye?"

"Mama, jamani. Utakohoa mpaka lini? Huyu kaboreshwa, siyo kama yule. Hakuna asichokifahamu."

Alikuwa amesimama nje ya kizingiti cha matofali mawili, hajavuka. Nyuma yake, mbali koridoni, mkwe wangu alikuwa anatazama ukuta. Nilimaliza kufagia, nikauegemeza ufagio mlangoni, nikawajibu wote wawili.

"Kisicho na aibu hakiingii chumbani kwangu."